Ndoo ya Utepe Mwekundu

Kwa miezi mitano nilisifiwa mtaa mzima, na kila sifa ilinipata kama kibao. Jirani akiingia kumjulia hali mama, hata hajakaa, ataanza: "Wewe dada ni mwanamke wa shoka. Umemtoa mdogo wako huko kwa ng'ombe wa watu, umemrudisha kwa mama yake. Siku hizi nani anaweza?" Na mimi nacheka, nasema ah, kawaida tu, damu nzito kuliko maji. Halafu nainamia cherehani yangu, nashona mshono ambao nilishaushona jana.

Ngoja niseme yote, tena niyaseme kama yalivyokuwa. Nimechoka kusifiwa kwa dhambi.

Mimi ni fundi wa nguo. Mtaani wananiita Cherehani, na wasionijua wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Wanaonijua wanajua ni mdomo. Nikianza nimeanza, wa kunizima hajazaliwa. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, yeye tulimwita Taratibu tangu yuko mdogo, maana hata kulia alikuwa halii kwa pupa. Anaanguka, anakaa chini, analitazama goti, anafikiri, ndipo anaanza. Mama alikuwa akisema angetuchanganya kwenye sufuria moja wangetoka watu wawili wa kawaida.

Taratibu alikuwa mkamuaji kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Alikaa huko miaka kumi na mmoja. Katika hiyo, sita ya mwisho mama amelala kwangu. Kiharusi kilimpiga asubuhi anasuka mkeka, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Akili ni ile ile, masikio ni yale yale, ila mwili umegoma. Kumgeuza ni mimi, kumwosha ni mimi, shuka ni mimi, uji kijiko kwa kijiko ni mimi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na mimi nawaongezea: hasa mwenzio akiwa dada yako na wewe uko mbali.

Sisemi alitutupa. Alikuja mara mbili kwa mwaka, siku mbili mbili, na chupa ya samli mkononi. Anakaa kitandani kwa mama, anamshika mkono, hawasemi kitu, na mama anacheka. Kwa siku hizo mbili mama alikuwa anacheka kuliko anavyonichekea mimi mwaka mzima. Hilo lilinichoma, wacha niseme ukweli. Mimi ndiye nafua, yeye ndiye anachekewa.

Sasa siku moja nilitoka kupeleka gauni la bibi harusi, nikachelewa kidogo tu, nikarudi nikamkuta mama sakafuni. Alikuwa amejaribu kuchukua maji. Nilimnyanyua peke yangu, mgongo ukalia kacha, na tulipomaliza tukalia wote wawili. Nikasema basi. Nikamwomba binamu yetu akae na mama siku tatu, nikafunga mkoba, nikaenda kumleta Taratibu.

Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa hotuba hasa! Inaanza na salamu, inaingia kwenye mgongo wangu, inapita kwa mama sakafuni, inamalizia hivi: "Mama hakuzaa mtoto mmoja. Mimi nimeshika miaka sita. Sasa zamu yako." Niliirudia mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Nilifika jioni, jua bado lipo. Banda refu la bati, sakafu ya saruji yenye mifereji, na harufu ya pumba, kinyesi na maziwa ya moto vyote kwa pamoja. Taratibu akatokea na mabuti yake ya mpira na aproni hadi magotini. Aliponiona alisimama kwanza. Unajua tena, lazima afikiri. Halafu uso wote ukafunguka.

"Dada! Mama yuko salama?"

"Yuko salama. Kwani mimi siwezi kuja mpaka mtu afe?"

Akacheka, akanikumbatia na aproni yake yote. Nguo yangu nzuri ikanuka ng'ombe hadi narudi kwangu.

Chumba chake kilikuwa cha mtu mmoja kweli kweli. Kitanda, msumari wa kutundikia aproni, redio, jiko dogo. Ukutani hakuna picha ya mama wala ya mtu yeyote. Kuna kalenda, na kwenye kalenda majina ya ng'ombe, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: Bibi Harusi, anazaa tarehe fulani. Kiburi, dawa. Mwalimu, apandishwe. Nikasema moyoni, loo, mwenzangu familia yake hii hapa.

Lakini alipoanza kukamua, nilikaa juu ya gunia la pumba nikanyamaza, jambo la nadra. Sikujua kwamba kukamua kuna adabu. Kila ng'ombe alimwita kwa jina kabla hajamgusa. Aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa chake, kila ng'ombe na kitambaa chake, hakuna kuazimana. Akaminya mikupuo miwili mitatu ya kwanza kwenye kikombe cheusi, akakiinamisha kwenye mwanga kutazama kama kuna mabonge. Ndipo akavisha mashine. Na muda wote huo kakohoa kidogo, kaimba puani kidogo, na wale wanyama wakubwa wamesimama wanatafuna kama wako saluni.

"Huyo hakamui," alisema mpasua majani, jamaa mmoja mcheshi aliyekuwa anawalisha. "Huyo anaombwa na ng'ombe awapunguzie."

Nikaona nimepata wa kumwambia. Nikamweleza habari za mama, na mzigo wangu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Ndiyo hivyo, mama. Ng'ombe halemewi na nunduye."

"Nundu haibadilishwi shuka," nikamjibu. Akacheka hadi akadondosha uma wa majani.

Mwishoni akabaki ng'ombe mmoja, Kiburi, mweusi, na utepe mwekundu mguu wa nyuma. Taratibu alimkamua kwa mkono, kwenye ndoo ya peke yake, nayo ina utepe mwekundu kwenye mpini. Huku anakamua ananieleza. Kwamba Kiburi kiwele kilivimba, anapigwa dawa, na maziwa yake yana dawa. Kwamba hayanyweki, yanamwagwa mtaroni mpaka zipite siku tatu baada ya sindano ya mwisho. Kwamba ndoo hiyo ikiingia kwenye tangi la baridi, hata moja tu, tangi zima limeharibika, na dereva wa kiwanda hulipima kila asubuhi kabla hajanyonya tone. Mimi nikasema ehe. Ehe. Kumbe kichwani niko kwenye aya ya tatu ya hotuba yangu, pale pa mama sakafuni. Baadaye nilikuja kuyakumbuka maneno yake yote, neno kwa neno. Wakati ule halikuingia hata moja.

Usiku huo hotuba haikutoka. Alinipa kitanda, yeye akatandika magunia chini. Akaniuliza habari za mama, vitu vidogo vidogo: uji bado anautaka mwepesi? Kucha anamkata nani? Ule mguu wa kulia unapata baridi? Nikamjibu yote, nikasema ngoja amalize maswali nianze. Nikasikia anakoroma. Mtu aliyeamka saa tisa alfajiri utamfanya nini?

Asubuhi msimamizi wa shamba akaja kunisalimia, mtu mzima mwenye tumbo na daftari kwapani. "Kumbe wewe ndiye dada yake! Nikupe pongezi. Huyu miaka kumi na mmoja hajanichafulia tangi hata siku moja. Hata mimi nilipokuwa mkamuaji nilichafua mara mbili. Mwezi ujao nampa ukuu wa ukamuaji, banda lote chini yake."

Nikamtazama Taratibu. Alikuwa anayatazama mabuti yake, anatabasamu. Tabasamu lile sijawahi kuliona kwetu. Na mimi, dada yake wa tumbo moja, badala ya kufurahi nikakasirika. Nikaona nimechelewa. Sasa nitamwambiaje mtu aache ukuu aje kubadilisha shuka? Hotuba nikaimeza, na hasira nazo zikaamka. Mama je, yeye anapewa ukuu wa nini?

Mchana nikarudi bandani kumtazama. Alikuwa amebakiza ndoo tatu hazijamiminwa wakati mpasua majani alipokuja mbio: Bibi Harusi anazaa, na ndama amegeuka, miguu ya nyuma ndiyo imetangulia. Taratibu akavua aproni.

"Dada, kaa hapo hapo. Usiguse kitu. Nakuja sasa hivi."

Mimi nikae? Mimi, ambaye hata msibani huwa natafuta sufuria ya kuosha? Nikakaa kidogo. Nikaangalia ndoo. Mbili karibu na tangi, na moja kule karibu na mtaro, peke yake, imejaa hadi shingoni, povu juu. Nikasema maskini, hii imesahauliwa, na kwa joto hili itachacha. Nilikulia kwenye nyumba ambayo kikombe cha maziwa kikibaki kinapewa mtoto, mtoto asipotaka anapewa paka, lakini mtaroni hakiendi. Utepe niliuona. Mimi ni fundi, utepe siwezi kukosa kuuona. Nikasema hawa nao na ng'ombe wao, mpaka ndoo wanaipamba.

Nikamimina zote tatu. Polepole kabisa, kwa chujio, tone halikumwagika. Nikaosha ndoo, nikaosha na sakafu, nikazipanga ukutani. Nilijisikia vizuri sana. Nilisema akija atajua kwamba dada ni dada.

Alirudi mikono imelowa hadi mabegani, anacheka. "Jike! Mzima kabisa!" Halafu akaziona ndoo. Akazihesabu kwa macho.

"Nimekumalizia," nikasema.

"Asante, dada. Na ile ya utepe?"

Hapo ndipo maneno yake yote ya jana yakaja, moja baada ya jingine, kama watu wanaoingia kwenye nyumba ya msiba. Dawa. Mtaroni. Hata moja tu. Nikalitazama tangi. Nikamtazama yeye, na furaha yake ya ndama, na miaka yake kumi na mmoja.

"Niliimwaga mtaroni," nikasema.

Mtaro ulikuwa mweupe kwa maji ya kuoshea ndoo, haukuwa na la kushuhudia. Taratibu akaitikia kwa kichwa. "Vizuri," akasema. "Niliogopa ulikuwa hunisikilizi."

Sina cha kujitetea. Nilimimina kwa kutojua, sawa, hilo Mungu analijua. Lakini kudanganya nilidanganya kwa kujua, macho makavu. Ningesema pale pale, wangefunga tangi, wangepiga simu kiwandani, msimamizi angenigombeza mimi mgeni na mambo yangeisha. Niliogopa uso wake ungebadilika. Nikajipa moyo kwamba ndoo moja ndani ya tangi lile ni kama chumvi kwenye ziwa, nani ataiona. Jioni ile Taratibu alifurahi kupita kawaida. Yule ndama akampa jina la Cherehani, eti kwa sababu tangu azaliwe hajanyamaza. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka nao, moyo unanipiga kama mlango usiofungwa vizuri.

Hotuba sikuitoa. Ningeitoa kwa mdomo gani?

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika saa mbili asubuhi. Lori la kiwanda likaja, dereva akachota kidogo kwenye kichupa, akatumbukiza kijikaratasi chake, akangoja. Akakitazama. Akachota tena, akapima tena. Halafu akakunja mpira wake bila kuuunganisha.

"Hili silichukui," akasema. "Lina dawa."

Walilifungua tangi. Maziwa ya siku nzima, ya ng'ombe arobaini, yakashuka mtaroni. Yalichukua muda mrefu sana kuisha. Mimi nimesimama pale na mkoba wangu begani, maana ilikuwa siku yangu ya kuondoka, nayatazama.

Tukaitwa ofisini. Ofisi yenyewe ni meza, viti viwili na kabati la dawa. Msimamizi alikuwa amekaa, dereva kasimama na fomu yake, Taratibu mbele ya meza, mimi mlangoni.

"Ndoo ya Kiburi," msimamizi akasema. "Nani aliimimina?"

Taratibu akageuka, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama tu, kama mtu anayekupisha mlangoni utangulie. Halafu akamgeukia msimamizi.

"Mimi," akasema. Akanyamaza.

Nzi alikuwa anazunguka juu ya fomu ya dereva, anavuma.

"Wewe?" msimamizi akasema. "Wewe, utie ndoo ya utepe tangini? Hebu niambie vizuri. Angekuwa mgeni ningesema mgeni, mgeni hajui, ningemtetea mbele ya mwenye shamba. Nani alimimina?"

"Mimi," Taratibu akasema tena. Na tena akanyamaza.

Na mimi, Cherehani, mwanamke ambaye wa kumzima hajazaliwa, ulimi ulinikauka. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Msimamizi mwenyewe kaufungua. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, lile lile analosema mdogo wangu. Lakini wakati nalitafuta, moyoni mwangu kuna kitu kikasema, na nimeahidi kusema yote kwa hiyo nakisema: sasa atarudi nyumbani. Aibu ilikuwepo, hofu ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na hiki, kimejikunja vizuri kama paka. Sasa atarudi nyumbani, na wala hujamwomba.

Nikanyamaza.

Mwenye shamba alisema kwa simu mtu huyo aondoke leo leo. Kiwanda kilikuwa kimeshawapa onyo mwaka uliopita kwa kosa la mtu mwingine. Msimamizi alimpa Taratibu mkono, akaushikilia. Taratibu akakunja vitu vyake, dakika kumi tu vimekwisha. Akapita bandani mara moja, akatoka. Tukaondoka.

Njiani hakusema neno. Mimi nilisema kwa wawili. Nilisema habari za mtaa, bei za vitambaa, binti wa jirani aliyeachika, kila kitu kilicho chini ya jua isipokuwa kimoja.

Basi, nikapata nilichokwenda kutafuta. Na kumbe nilipata zaidi. Taratibu alimwosha mama kama alivyokuwa anaosha ng'ombe wake, msicheke, ndiyo heshima kubwa anayoijua. Maji ya uvuguvugu, kitambaa cha uso mbali, cha mgongo mbali. Kabla ya kumgusa anamwita kwanza: "Mama, nakuja upande huu." Kidonda cha mgongoni kilichonishinda mimi miezi minne kilikauka kwa wiki tano. Mgongo wangu ukapona. Nikaanza kupokea kazi za sare za shule, nikalala usiku kucha. Mama akawa anacheka kila siku.

Ila yeye alikuwa anapungua. Kulikuwa na mashamba mawili ya ng'ombe karibu na kwetu. Alikwenda. Wenye mashamba wote wawili walipiga simu kule alikotoka, kama desturi, wakaambiwa ukweli kama unavyojulikana: mkamuaji mzuri, alichafua tangi. Wakamwambia tutakuita. Jirani mmoja ana mbuzi wawili. Taratibu akawa anaamka saa tisa alfajiri kwa mazoea, anakaa kwenye ngazi, kukipambazuka anakwenda kuwakatia wale mbuzi majani. Hakuna aliyemtuma. Mwanamume mzima mwenye mikono ile, anawapangusa mbuzi wa watu! Na mimi nimekaa dirishani namwona, cherehani iko kimya.

Siku niliyoshindwa ilikuwa Jumapili asubuhi. Jirani mwenye mbuzi alikuja, akakaa, akaanza ule wimbo wake: wewe dada ni wa kuigwa, ungekuwa mwingine ungemwacha huko. Taratibu yuko pale pale, anamwosha mama miguu kwenye beseni, anasikia. Jirani alipotoka, nikasimama mlangoni.

"Taratibu. Ile ndoo ni mimi. Sikuimwaga. Niliimimina tangini, halafu nikakudanganya."

Hakuinua kichwa. "Najua, dada."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu dereva aliposema. Ndoo nyingine zote za utepe nilizimwaga mwenyewe."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?" Nilipiga kelele, haki ya Mungu, nilimpigia kelele yeye. "Nani alikutuma unifichie?"

Akautoa mguu wa mama majini, akaanza kuukausha, kidole kwa kidole. Alifikiri, kama kawaida yake.

"Nilidhani utanikatiza," akasema. "Tangu nizaliwe sijawahi kumaliza neno mbele yako, dada. Nikasema mimi, nikangoja. Nikasema tena, nikangoja. Nikaona leo umeniacha nimalize."

Niliketi chini, hapo hapo mlangoni. Nililia kama mtoto, bila kujifunika uso. Nikamwambia yote: mgongo, mama sakafuni, hotuba, na yule paka wa moyoni. "Nilikuja kukuomba urudi nyumbani," nikasema.

"Hukuniomba."

"Nilikuwa na maneno tele..."

"Siku mbili, dada. Ungeniomba hata siku ya kwanza, ningekuja. Ningemuaga msimamizi, ningewaaga wenzangu, ningekuja na jina langu."

Mama alikuwa anatusikiliza. Masikio yake nimeshasema ni mazima. Hakunipa mkono wala hakuninyima, alinitazama tu kwa jicho lile la kushoto ambalo ndilo bado lina nguvu.

"Nitampigia msimamizi," nikasema. "Sasa hivi."

Nilidhani atasema acha, yamepita, maji yakimwagika hayazoleki. Watu wema ndivyo wanavyosema. Taratibu akafuta mikono, akatoa simu yake mfukoni, akaitafuta namba, akanipa. Nikajua alivyokuwa anaitaka simu hiyo ipigwe, miezi yote mitano.

"Taratibu!" msimamizi akaitika, kwa furaha kabisa. "Mzima wewe?"

"Si Taratibu, bwana. Ni dada yake." Na nikasema. Nilisema polepole, bila kuremba, mpaka mwisho. Msimamizi akavuta pumzi ndefu, akasema, "Mama, mimi nilikuuliza. Mara mbili nilikuuliza." Nikasema ndiyo, uliniuliza. Akasema nimpe simu mdogo wangu.

Taratibu alisikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akafunika simu kwa kiganja.

"Ukuu ameshapewa mwingine," akaniambia. "Lakini nafasi yangu ya kawaida ipo, atamweleza mwenye shamba mwenyewe. Anauliza naweza kufika lini." Akanyamaza, na mara hii nilielewa ananisubiri. "Ukiniomba nibaki, dada, nitabaki."

Nilimtazama mama, na shuka zake zilizo safi, na mgongo wake uliopona. Nikaufikiria mgongo wangu. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na nilijua fika kwamba nikilitoa atalikubali, na hatanilaumu maisha.

"Mwambie kesho," nikasema.